Ukatili wa mtandaoni: jela imfuate nani?

Katika miji midogo ya ukanda wa almasi na dhahabu, kuanzia Maganzo na Mhunze wilayani Kishapu hadi Kahama na Katoro, kauli ya "nitakufunga kwa sheria ya mtandao" imezoeleka. Huitoa mwanakikundi wa kikoba aliyetukanwa kwenye kundi la WhatsApp. Huitoa kiongozi wa kijiji aliyeulizwa hadharani fedha za zahanati zimekwenda wapi. Huitoa pia mwanamume aliyeachwa na mpenzi wake na kusemwa vibaya kwenye stetasi. Wote watatu wanaamini sheria iko upande wao. Lakini binti ambaye picha zake za faragha zimezagaa mtaa mzima hukaa kimya, maana ameambiwa akienda kituoni atakamatwa yeye kwanza.

Mkanganyiko huu hautokani na ujinga wa wananchi. Ukiisoma sheria yenyewe utaona kila mmoja wa hawa wanne ana sababu ya kuamini anachoamini. Ndiyo maana swali la kama ukatili wa mtandaoni uadhibiwe kwa sheria ya jinai haliwezi kujibiwa kwa ndiyo au hapana moja. Lazima kwanza tujue tunazungumzia ukatili upi, unafanywa na nani, na polisi na mahakama zetu zinaweza kufanya nini juu yake.

Sheria inasema nini

Sheria ya Makosa ya Mtandao, namba 14 ya mwaka 2015, ilipitishwa na Bunge Aprili 1, 2015, ikasainiwa na Rais Jakaya Kikwete mwezi huohuo na kuanza kutumika Septemba 1, majuma machache kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba mwaka huo. Kifungu cha 23 ndicho kinachogusa mada yetu moja kwa moja. Kinakataza kumtumia mtu mawasiliano ya kielektroniki kwa nia ya kumlazimisha, kumtisha, kumsumbua au kumsababishia maumivu ya kihisia. Adhabu iliyowekwa mwaka 2015 ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 16 nacho kinaadhibu taarifa za uongo zinazochapishwa kwa nia ya kukashifu, kutisha, kutukana au kupotosha umma, kwa kiwango hichohicho cha chini.

Kabla ya hapo kulikuwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kifungu chake cha 118 kinaadhibu kurusha maudhui machafu, ya uongo, ya kutisha au ya kuudhi kwa nia ya kumkera au kumsumbua mtu. Hapo kiwango cha chini ni shilingi milioni 5 au miezi 12 jela.

Neno la kuangalia kwa makini katika vifungu hivi ni "isiyopungua". Mtu akimtukana mwenzake ana kwa ana sokoni Maganzo, kwa namna inayoweza kuvunja amani, Kanuni ya Adhabu katika kifungu cha 89 inampa kifungo kisichozidi miezi 6. Akiyaandika matusi yaleyale kwenye simu kwa nia ya kumuumiza mlengwa, hakimu anaanzia miaka 3 au milioni 5. Yawezekana tusi la simu linaumiza zaidi, kwa kuwa linasambaa na linabaki. Lakini sheria haikumwachia hakimu nafasi ya kupima kama hili lililo mbele yake limeumiza zaidi au la. Kwa kijana anayebeba mawe kwenye machimbo madogo kwa malipo ya kutwa, milioni 5 ni sawa na kuambiwa moja kwa moja aende jela.

Zaidi ya hapo, kifungu cha 23 hakidai kitendo kirudiwe. Ujumbe mmoja unatosha. Hakisemi maumivu yapimwe kwa kipimo cha mtu wa kawaida mwenye akili timamu, wala hakimtengi kiongozi wa umma anayekosolewa kwa kazi yake na raia anayewindwa nyumbani kwake. Uzuri wake ni kwamba kinagusa karibu kila kitu. Tatizo lake ni hilohilo.

Hoja ya wanaotaka jinai

Wanaotaka mkono wa dola uwe mzito wana hoja ambayo mtu wa Shinyanga anaielewa haraka kuliko mtu wa mahali pengine.

Huu ni mkoa ambao neno lisilo na ushahidi limeua watu. Kwa miongo mingi vikongwe wa Usukumani, wengi wao wajane, wameuawa kwa mapanga baada ya kutajwa kuwa wachawi. Macho mekundu yaliyotokana na moshi wa kupikia kinyesi cha ng'ombe na mabua ya pamba, kwa kuwa kuni zimeadimika, yamehesabiwa kuwa ushahidi. Kuanzia mwaka 2007 Kanda ya Ziwa ikashuhudia wimbi la mauaji ya watu wenye ualbino, likichochewa na imani kwamba viungo vyao huleta utajiri, migodini na ziwani. Mkoloni aliyatambua mapema madhara ya kumtaja mtu kuwa mchawi, na Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, ambayo bado imo katika vitabu vyetu, inahesabu tuhuma hiyo kuwa kosa.

Zamani tuhuma ya uchawi ilipita kisimani na kilabuni, mdomo kwa mdomo, na ilichukua muda. Leo inaweza kurekodiwa kwa sauti ya dakika moja na kutumwa kwenye kundi lenye mamia ya watu, ikiwa na jina la mama wa watu, kitongoji chake na picha ya nyumba yake. Kuna atakayesema hayo ni maoni tu, kwamba mama huyo ajibu hoja kwa hoja? Yeye hana hata simu janja. Wanaosema jela inafaa wanauliza swali hilo, na wapinzani wao wengi, hasa wanaoandika wakiwa Dar es Salaam, hawajawahi kulijibu.

Hoja ya pili ya kambi hii ni picha za faragha. Mtu anayetishia kusambaza picha za utupu za mpenzi wake wa zamani ili alipwe, au ili arudiwe, anafanya unyang'anyi kama mwingine wowote. Madhara yake hayarudishwi. Katika wilaya ambako kila mtu anamjua mzazi wa kila mtu, msichana anaacha shule, mwanamke anahama mji, ndoa inavunjika. Kumwambia huyu afungue kesi ya madai ni kumtania.

Hoja ya tatu ni kwamba jinai inagharamiwa na dola. Mlalamikaji haajiri wakili. Upelelezi ni wa polisi na mashtaka ni ya Jamhuri. Kwa mnyonge hii ni faida kubwa, angalau kwenye karatasi.

Ilivyotumika kweli

Miaka iliyofuata imeonyesha kwamba sheria iliyotetewa kwa ajili ya wanyonge ilitumika mapema na kwa nguvu zaidi pale ambapo aliyeudhiwa alikuwa mkubwa. Juni 2016 mahakama mjini Arusha ilimtia hatiani mkazi mmoja kwa maneno aliyoandika Facebook kumtusi Rais John Magufuli, na kumpa faini ya shilingi milioni 7 au kifungo cha miaka 3. Desemba mwaka huohuo Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa kwa kutowapa polisi taarifa za watumiaji wa jukwaa lake. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alishikiliwa baada ya kuchapisha picha iliyobadilisha sura yake na ya Rais. Hakuna hata tukio moja kati ya haya lililomwokoa bibi wa Kishapu.

Uganda nako ni vivyo hivyo. Sheria yao ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011 ina kosa la usumbufu wa mtandaoni. Agosti 2019 msomi Stella Nyanzi alihukumiwa miezi 18 kwa kosa hilo kwa sababu ya shairi lililomtusi Rais Yoweri Museveni na marehemu mama yake. Mahakama Kuu ikamwachia Februari 2020. Januari 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda ilifuta kifungu cha 25 kilichoharamisha mawasiliano ya kuudhi, kwa kuwa hakikueleweka kinakataza nini hasa.

Hoja hiyo ya kutoeleweka haikuwa ngeni. Machi 24, 2015 Mahakama ya Juu ya India, katika kesi ya Shreya Singhal, ilifuta kifungu cha 66A cha sheria yao ya teknolojia ya habari, ikieleza kwamba maneno kama "kukera" na "usumbufu" hayana mipaka, kwa hiyo raia hawezi kujua lini amevuka mstari. Wiki moja baadaye Bunge letu likapitisha kifungu cha 23. Kenya nako, Aprili 2016, Jaji Mumbi Ngugi alifuta kifungu cha 29 cha Sheria ya Habari na Mawasiliano kwa sababu zinazofanana. Hapa kwetu wakili Jebra Kambole alikwenda Mahakama Kuu kupinga vifungu kadhaa vya sheria ya 2015. Hukumu ya Desemba 2016 iliona kasoro katika kifungu cha 50, kinachohusu kumaliza makosa nje ya mahakama, lakini vingine alivyovipinga vikabaki.

Kuna madhara mengine yasiyotajwa sana. Kifungu cha 14 cha sheria yetu kinaadhibu kuchapisha ponografia, na adhabu yake ni kubwa kuliko ya kifungu cha 23. Hakitofautishi picha iliyochapishwa kwa ridhaa ya mhusika na iliyovujishwa ili kumdhalilisha. Mwaka 2018 video ya faragha ya mwimbaji mmoja maarufu ilipovuja, polisi walimwita hata yeye mwenyewe, na aliomba radhi hadharani. Tukio hilo lilifundisha wanawake nchi nzima somo moja. Binti wa Maganzo anayekaa kimya hakosei kusoma dalili.

Safari ya malalamiko

Ili kuona tofauti ya karatasi na hali halisi, tufuate malalamiko ya kufikirika, lakini ya kawaida kabisa. Mama lishe anayeuza chakula karibu na mgodi wa Mwadui anapokea kwa wiki mbili ujumbe wa vitisho kutoka namba asiyoijua, kisha picha yake iliyohaririwa inatupwa kwenye makundi matatu.

Hatua ya kwanza ni kituo cha polisi. Hapo ataulizwa kama anamjua mtumaji. Akisema hamjui, anaandikiwa RB, yaani namba ya taarifa yake, na kuambiwa asubiri. Simu yake ndiyo ushahidi, kwa hiyo huenda ikabaki kituoni. Simu hiyohiyo ndiyo anayopokelea oda za wateja na malipo ya chakula, na kila siku inayokaa kituoni anakosa biashara. Namba iliyotumika imesajiliwa, maana tangu Januari 2020 laini zote zinatakiwa ziwe zimesajiliwa kwa alama za vidole, lakini jina la usajili si lazima liwe la mwandishi; laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine hazijaisha mitaani. Kampuni ya simu nayo inasubiri maombi rasmi. Kisha inakuja hoja ya ushahidi wa kielektroniki: Sheria ya Miamala ya Kielektroniki, iliyopitishwa pamoja na ile ya mtandao mwaka 2015, inaitaka mahakama ipime namna taarifa ilivyotengenezwa, ilivyohifadhiwa na mtumaji alivyotambuliwa. Picha ya skrini iliyotumwa mara nne kutoka simu hadi simu ina uzito mdogo.

Muda wote huo picha inaendelea kuzunguka. Jinai, hata ikifanya kazi yake vizuri, inaangalia nyuma: nani alifanya, aadhibiwe vipi. Mama huyu anataka jambo la mbele: ikome leo, ifutwe. Katika safari nzima hakuna meza ambako mtu ana wajibu wa kumpa hilo.

Ikitokea mtumaji akapatikana, na akawa ni mdogo wa mumewe au kijana wa jirani, familia zinakaa. Kwa kuwa sheria inaanzia miaka 3, na hakuna mzazi anayetaka mtoto wa jirani afungwe miaka 3 kwa ajili ya simu, shauri linamalizwa nje kwa fidia, wakati mwingine kwa shinikizo. Kwa njia hii ukali wa adhabu unamsaidia mkosaji. Hilo ni jambo ambalo waliopanga kiwango cha chini hawakulitarajia, na lingetosha peke yake kuwafanya wakifikirie upya.

Hoja ya wanaotaka jinai iondoke

Kambi ya pili, yenye wanasheria wengi wa haki za binadamu na waandishi wa habari, inasema maneno yashughulikiwe kwa kesi za madai, kwa kanuni za taaluma na kwa elimu. Wana msingi. Ibara ya 18 ya Katiba inalinda uhuru wa maoni na mawasiliano. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki iliona kwamba vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya, na mwaka 2023 Bunge likaiondoa kashfa katika makosa ya jinai ya sheria hiyo. Kenya ilishafanya hivyo kwa hukumu ya Jaji John Mativo ya Februari 6, 2017, katika kesi ya Jacqueline Okuta, iliyosema kumfunga mtu kwa kashfa ni adhabu isiyolingana na kosa. Kwa hiyo mwandishi wa gazeti hafungwi tena kwa kashfa chini ya sheria ya habari, lakini mkulima wa pamba wa Kishapu aliyeandika kwenye simu bado anaweza kubanwa na kifungu cha 16. Hilo halina mantiki yoyote.

Wanao pia ushahidi wa utamaduni, ingawa hawautumii. Usukumani watu wanatukanana kwa nyimbo tangu enzi za mababu. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana baada ya mavuno kwa nyimbo zinazomvua nguo mpinzani mbele ya umati, na hakuna anayekwenda polisi. Jamii inajua kutofautisha dhihaka ya uwanjani, ambako aliyetajwa yupo na anajibu, na tuhuma inayomfuata mtu hadi mlangoni kwake usiku.

Lakini kambi hii ina udhaifu mkubwa, na inaukwepa. Kesi ya madai inahitaji ada, muda, mara nyingi wakili, na inahitaji ujue jina la unayemshtaki. Ikishinda, inakupa fidia kutoka kwa mtu asiye na kitu. Kwa mfanyabiashara mkubwa wa Kahama ni njia. Kwa mama lishe wa Mwadui haipo. Kuondoa jinai kabisa ni kumwacha yeye mikononi mwa wazee wa mtaa au mikononi mwa wenye nguvu.

Na wazee wa mtaa nao wana mipaka. Mkoa huu una historia ndefu ya haki ya kijamii. Dagashida, mkutano wa wazee na wananchi, ulitumika kuhifadhi ngitili, yaani malisho yaliyotengwa, na kusimamia maridhiano. Sungusungu, lililoibuka Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wizi wa ng'ombe, lilirudisha usalama pale ambapo polisi hawakufika. Baadhi wanapendekeza vyombo hivi vipewe kazi ya kusuluhisha ugomvi wa mitandaoni. Kwa matusi ya majirani, sawa. Lakini silaha kubwa ya sungusungu ni kumtenga mtu: asisalimiwe, asiuziwe, asizikiwe. Na katika baadhi ya maeneo lilituhumiwa kuwaandama haohao wanawake waliotajwa kuwa wachawi. Kulipeleka shauri la msichana aliyevujishiwa picha mbele ya baraza la wanaume ni kumdhalilisha mara ya pili.

Ukatili unaofanywa na kampuni

Mjadala huu unapotea njia kwa kumfikiria mkatili kuwa kijana mmoja mwenye simu. Kuna ukatili wa mtandaoni wenye faida ya kibiashara, na wakazi wa ukanda wa migodi wanaujua vizuri: programu za mikopo, zile zilizobatizwa kausha damu. Mtu anakopa kiasi kidogo, programu inachukua orodha yote ya majina kwenye simu yake, na akichelewa siku chache mkwe wake, mchungaji wake na mwalimu wa mtoto wake wanapokea ujumbe kwamba yeye ni tapeli, wakati mwingine na picha yake.

Hapa kifungu cha 23 kingetumika neno kwa neno: ni ujumbe, kwa nia ya kulazimisha, na maumivu yapo. Lakini kilicholeta mabadiliko yanayoonekana ni msimamizi wa sekta. Agosti 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo ikatangaza programu 69 zisizo na leseni na kuwaonya wananchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inampa mtu haki ya kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi pale taarifa zake zinapotumiwa bila ridhaa. Tatizo halijaisha, lakini hatua moja ya msimamizi iligusa mamilioni ya simu kwa mara moja. Kesi za jinai, moja moja, zisingefika huko kwa miaka 20.

Njia ambayo wenzetu wameijaribu

Mwaka huohuo wa 2015 New Zealand nayo ilitunga sheria ya mawasiliano ya kidijitali yenye madhara. Wao walianza na taasisi ya kupokea malalamiko na kusuluhisha. Ikishindikana, mahakama ya wilaya inaweza kuamuru maudhui yafutwe, mtu aombe radhi, au mwandishi asiyejulikana atajwe. Jinai ipo mwishoni, na kosa lake kuu lina masharti matatu kwa pamoja: nia ya kudhuru, madhara ambayo mtu wa kawaida angeyapata katika hali hiyo, na madhara yaliyotokea kweli. Kifungo hakizidi miaka 2.

Mfano ulio karibu nasi zaidi kwa hali ya maisha ni wa Afrika Kusini. Sheria yao ya Ulinzi dhidi ya Usumbufu, iliyoanza kutumika Aprili 2013, inamruhusu anayesumbuliwa kwenda kwa karani wa mahakama bila wakili na kuomba amri ya zuio. Hakimu anaweza kutoa amri ya muda kabla hata ya kumsikiliza mlalamikiwa, na anaweza kuiagiza kampuni ya mawasiliano imtaje mwenye namba. Amri hiyo hutoka na hati ya kukamatwa iliyosimamishwa. Mlalamikiwa akiendelea, polisi wanamkamata, na hapo ndipo jinai inapoanza: kwa kukaidi amri ya mahakama, jambo ambalo ni jepesi kuthibitisha na halimfungi mtu kwa sababu kiongozi fulani ameudhika.

Kenya ilichanganya yote mawili. Kifungu cha 27 cha sheria yao ya mwaka 2018 kinamruhusu mwathirika kuomba amri ya kumzuia mtu, lakini kiliweka pia kifungo cha hadi miaka 10 au faini ya hadi shilingi za Kenya milioni 20. Rais William Ruto aliposaini marekebisho ya kukipanua Oktoba 2025, ndani ya mwezi huohuo Mahakama Kuu ilisimamisha sehemu ya marekebisho hayo. Somo ni kwamba amri ya zuio ikiwekwa kando ya kosa pana, kosa pana ndilo linalovuta macho ya wenye madaraka.

Mstari upitie wapi

Nikiweka hoja hizi kwenye mizani, naona kambi zote mbili zina haki katika nusu ya jambo. Jinai inahitajika, lakini kwa matendo yanayotajwa kwa majina yake: kutishia uhai au mwili wa mtu, kusambaza au kutishia kusambaza picha za faragha bila ridhaa, kumtaja mtu kuwa mchawi au kuchochea ashambuliwe kwa sababu ya ualbino, kabila au imani, na kumwandama mtu kwa mawasiliano ya kurudiarudia baada ya kuambiwa aache. Uingereza iliweka sharti hilo la kurudia tangu mwaka 1997 katika sheria yake ya usumbufu, inayodai angalau matukio mawili. Katika makosa haya sioni sababu ya kumwonea mkosaji huruma, na sioni uhuru wa maoni unaopotea.

Matusi ya mara moja, kejeli, picha za kuchekesha za viongozi, lawama kali juu ya fedha za kijiji, hata zikiwa na lugha mbaya, zitoke kabisa kwenye jinai. Anayeshika ofisi ya umma ana jukwaa, ana wasaidizi, na ana kesi ya madai akiona amekashifiwa. Hahitaji polisi. Kuna gharama katika msimamo huu, na ni vizuri isemwe wazi: wanawake wanaogombea udiwani na ubunge hutukanwa kwa namna ambayo wanaume hawatukanwi, na baadhi wataumia na matusi ambayo sheria haitayaadhibu. Pale yanapogeuka vitisho, picha chafu za kughushi au kuandamwa, watakuwa ndani ya ulinzi. Chini ya hapo, hatari ya kumpa polisi kipimo cha "kuudhi" imekwisha kuthibitika kuwa kubwa kuliko faida yake.

Kati ya hayo mawili kuna eneo pana zaidi, na ndiko aliko mama lishe wa Mwadui. Hilo lihudumiwe kwa amri ya zuio itakayotolewa na mahakama ya mwanzo, kwa fomu ya Kiswahili ya ukurasa mmoja, bila ada, kwa saa zisizozidi 48, na kwa nguvu ya kuiagiza kampuni ya simu imtambue mwenye laini. Mahakama ya mwanzo ndiyo anayoifahamu mwananchi wa kawaida, na karani wake hahitaji mtaalamu wa kompyuta ili kuandika kwamba fulani asimtumie fulani ujumbe tena. Dawati la Jinsia na Watoto lililopo polisi liwe mlango wa kuingilia, na askari wake wafundishwe kunakili ushahidi papo hapo na kumrudishia mlalamikaji simu yake.

Bunge linapaswa kufungua tena sheria ya 2015. Kifungu cha 23 kiandikwe upya kwa makosa yaliyotajwa, na kiwango cha chini cha adhabu kiondolewe ili hakimu apime. Kifungu cha 118 cha sheria ya 2010 kiondolewe maneno ya kukera na kuudhi. Kifungu cha 14 kitamke wazi kwamba mtu ambaye picha zake zimevujishwa bila ridhaa yake ni mlalamikaji, na asishtakiwe kwa picha hizo. Wabunge wa Shinyanga na Geita ndio wanaopaswa kuibeba hoja hii mbele ya wengine, kwa sababu wanatoka mahali ambako tuhuma moja ya uongo imewahi kumaliza uhai wa mtu, na wapiga kura wao hawawezi kuendelea kuchagua kati ya sheria inayomlinda mkubwa na ukimya.